Viatu vya Sura ya Pili

Shee Madi kaurudisha mswada jana usiku,
kauegemeza mlangoni, ghorofa ya kumi na nne,
ndani ya mfuko wa duka la Wapolandi, umelowa pembeni.
Hakuandika "kizuri". Hakuandika "kibaya".
Kaandika kwa penseli, chini ya neno la mwisho:
Ufunguo wa kwenye kopo la mchele umefungua nini?
Yule daktari wa Paisley kapanda basi gani hata leo hajafika?
Na viatu vya sura ya pili, nani kavifuata kwa fundi?

Nilicheka. Kisha nikaweka chai chini.

Ni kweli, nimetega kuliko nilivyotegua.
Nilidhani kutega ndiyo kazi yenyewe:
unaangusha ufunguo, unamkohoza mtu, mbwa anabwekea ukuta,
msomaji anainama, anasema hapa pana jambo.
Kurasa mia tatu za mitego,
na ndege hakuna hata mmoja.

Halafu hii Glasgow nayo imenifunza vibaya.
Kwetu dalili ya mvua ni mawingu;
hapa wingu limepanga chumba, linalipa kodi,
limekaa juu ya Springburn tangu Septemba
wala halidokezi kitu.
Ukitanda mawingu kila ukurasa
nani atakumbuka mwavuli?

Nikakaa mezani. Zamu ya kufua mashuka ya hospitali
ilikuwa saa nne. Nikafuta mbwa.
Nikafuta mbalamwezi nyekundu,
nikafuta na ndoto ya shangazi, iliyojua mno.
Ufunguo nikauacha, ila nikarudi ukurasa wa tisa
nikauchanganya na kibiriti, risiti, kifungo cha koti,
ili jicho liupite bila kuusalimu.
Dokezo zuri ni mgeni mwenye adabu:
hujui alikuwepo mpaka anapoaga.
Daktari nikampandisha basi la mwisho kutoka Paisley,
akafika mgonjwa keshakata roho,
na kile kikohozi cha sura ya kwanza
kikapata kaburi lake.
Saa tatu na nusu. Nikajiona bingwa.

Vikabaki viatu.

Vyeusi, soli ya kushoto imeachama.
Kijana anavipeleka kwa fundi, anasema, "Keshokutwa nitavifuata,"
anaondoka na ndara za kuazima, moja bluu, moja kijani.
Hivi sikuvitunga. Ni vya kaka yangu, Bwanaheri.
Keshokutwa ile ina miaka kumi na tisa.

Nimemrudisha mara tatu.
Mara ya kwanza alikuja, akalipa, akavaa, akapiga mluzi;
mluzi ulikuwa wangu, si wake.
Mara ya pili nilimzamisha. Mkono ulikataa kumaliza sentensi.
Mara ya tatu nilimleta huku, stesheni ya Queen Street,
amenenepa, ana miwani,
ananiuliza njia kwa Kiingereza.
Nikachana.

Kuna uzi uliosahauliwa na mshonaji,
na kuna uzi ulioachwa unaning'inia
kwa kuwa mwenye nguo hajaja kupimwa.
Ukiupapasa utajua ni upi.

Basi nimeongeza sentensi moja, karibu na mwisho:
fundi anavipangusa vumbi, anavirudisha palepale,
ncha zikitazama mlango.

Utaniuliza tena, Shee, nakujua.
Utotoni tukishindwa kitendawili tulitoa mji,
na aliyetega, akishapewa mji wake, alisema jibu.
Mimi nimeshatoa Kismayu. Nimetoa Mombasa.
Leo natoa na Glasgow, mvua zake, lifti yake mbovu,
mashuka yote niliyoyakunja.

Amepokea.
Hajasema.